Jumla inayobadilika kila ukiendesha programu: kutumia OpenMP bila kuharibu hesabu

Chukua kitanzi cha C kinachojumlisha miraba ya namba milioni 100. Prosesa ina kori 8, lakini inayofanya kazi ni moja tu. OpenMP, njia ya kugawa kazi ya programu kwa kori kadhaa kwa pamoja, ambayo maelezo yake rasmi ya kwanza yalitoka 1997 kwa ajili ya Fortran, inakutaka uweke mstari mmoja juu ya kitanzi hicho:

`#pragma omp parallel for`

Kisha kompaili kwa `gcc -O2 -fopenmp`. Ukisahau `-fopenmp`, mstari unapuuzwa na programu inabaki ya uzi mmoja (uzi, au thread, ni mfululizo mmoja wa maagizo unaotekelezwa). Naupenda sana utaratibu huu, maana msimbo uleule unakupa jibu la kulinganishia.

Na utalihitaji, kwa sababu hapo jumla itatoka pungufu, tena tofauti kila mara. `jumla += x[i]*x[i]` ni hatua tatu: soma, ongeza, andika. Nyuzi mbili zikisoma 40 kwa pamoja, mmoja akaandika 49 na mwingine 44 juu yake, ile 9 imepotea. Hakuna ujumbe wowote wa kosa. Dawa yake ni hii:

`#pragma omp parallel for default(none) shared(x,n) reduction(+:jumla)`

Kila uzi unapata jumla yake inayoanzia sifuri, zinaunganishwa mwishoni. Usikimbilie `critical` (agizo la kuruhusu uzi mmoja tu kwa wakati) ndani ya kitanzi: jibu litakuwa sahihi, ila nyuzi zitapanga foleni na unaweza kuwa taratibu kuliko mwanzo. `default(none)` nakusihi usiiache kamwe. Kompaila itakataa kigeu chochote ambacho hujasema ni cha wote au cha uzi mmoja, na makosa mengi hufia hapo.

Tarakimu za mwisho bado zitachezacheza. Hilo si kosa. Namba za desimali zikijumlishwa kwa mpangilio tofauti, mkato wake hutofautiana. Linganisha kwa tofauti ya uwiano, kama 1e-10, badala ya `==`.

Kuhusu kasi, pima kwa `omp_get_wtime()` ukibadilisha idadi ya nyuzi, `OMP_NUM_THREADS`: 1, 2, 4, 8. Namba hizo za `double` ni MB 800, haziingii kwenye kashe (kumbukumbu ndogo ya kasi ndani ya prosesa), hivyo kuanzia nyuzi 4 huenda kinachokubana ni njia ya kumbukumbu. Kwenye mashine ya prosesa mbili, jaza safu `x` kwa kitanzi sambamba chenye `schedule(static)` (mgawanyo wa kazi usiobadilika) ileile ya hesabu, na ufunge nyuzi zisihamehame kati ya kori kwa `OMP_PROC_BIND=true`: kwa kawaida Linux huweka kila ukurasa wa kumbukumbu karibu na uzi uliougusa kwanza.