Saratani ya ubongo isiyopasulika: "Amebakiza muda gani?"

Swali hili kwa kawaida haliulizwi mbele ya mgonjwa. Akishatolewa nje, ndugu mmoja hubaki nyuma, anarudishia mlango taratibu, kisha anauliza kwa sauti ya chini: "Daktari, tuambie ukweli. Amebakiza muda gani?" Ukimdadisi, utakuta kilichomvunja moyo ni neno moja tu, kwamba uvimbe haupasuliki. Yeye amesikia "hautibiki". Hayo ni mambo mawili, na naomba nianzie hapo.

Daktari bingwa wa upasuaji anaposema uvimbe haupasuliki, anazungumzia mahali ulipo na jinsi ulivyokaa. Huenda uko kwenye shina la ubongo, sehemu nyembamba inayoendesha pumzi, mapigo ya moyo na kumeza, ambako kosa dogo la kisu linaweza kuondoka na uhai. Huenda uko katikati kabisa, ambako hakufikiki bila kuharibu njia ya kupitia. Huenda umevuka kutoka nusu moja ya ubongo hadi nyingine, au umejipenyeza katika eneo la usemi kama mizizi kwenye udongo. Wakati mwingine uvimbe unafikika vizuri tu, ila moyo au mapafu ya mgonjwa hayatahimili nusukaputi.

Pale kisu kinaposhindwa, sindano mara nyingi inafika. Hutobolewa tundu dogo kwenye fuvu, daktari akaongozwa na picha za MRI au CT, akatoa kinyama cha kupeleka maabara. Kipimo hicho mimi hukisisitiza kila kinapowezekana, kwa sababu muda wa kuishi unategemea zaidi jina la uvimbe kuliko kupasulika kwake.

Chukua limfoma, saratani ya chembe za kinga, inayoanzia kwenye ubongo. Hiyo kwa kawaida hatuhangaiki kuitoa. Tunachukua sampuli, mgonjwa anapewa dawa ya saratani iitwayo methotreksati kwa dozi kubwa, na wapo wanaopona. Jeminoma, uvimbe unaowapata zaidi vijana na kupenda kujificha katikati ya ubongo, hupona kwa mionzi kwa zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10. Zipo glioma, yaani uvimbe unaoanzia kwenye seli zinazotegemeza neva za ubongo, za mwendo wa taratibu, zenye mabadiliko kwenye jeni ya IDH, ambazo watu huishi nazo miaka mingi. Familia za wagonjwa hawa wote huenda ziliambiwa lile lile: haupasuliki.

Sasa upande mgumu. Saratani kali inayoanzia kwenye ubongo wa mtu mzima, mara nyingi zaidi, ni glioblastoma, na hiyo hupewa daraja la 4, la juu kabisa. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2005, ambao ndio uliojenga tiba inayotumika mpaka leo, ulionyesha kuwa waliopata mionzi pamoja na vidonge vya saratani vya temozolomaidi waliishi mediani (neno hilo nitalieleza punde) ya miezi 14.6, na waliopata mionzi peke yake miezi 12.1. Ila wengi wao walikuwa wamepasuliwa kwanza. Kwa waliochukuliwa kinyama tu kisha wakatibiwa, mediani ilikuwa karibu miezi 9. Bila tiba yoyote, ni miezi 3 hadi 4 hivi. Kwa watoto, uvimbe unaosambaa ndani ya shina la ubongo una mediani ya miezi 9 hadi 12, na wanaofikisha miaka 2 hawazidi 1 kati ya 10.

Neno mediani ndilo linalopotosha watu. Wapange wagonjwa 100 kwenye mstari, kuanzia aliyetangulia kufariki hadi aliyeishi kuliko wote: mediani ni muda wa yule aliyesimama katikati. Nusu hawakumfikia, nusu walimpita, na wapo waliompita kwa mbali. Katika utafiti huo huo, zaidi ya robo ya waliopata tiba zote mbili walikuwa hai baada ya miaka 2, na karibu 1 kati ya 10 baada ya miaka 5. Nitakuwa mwongo nisipoongeza kwamba wengi wa hao walioishi sana walikuwa vijana kiasi na uvimbe wao ulipasuliwa. Kwa usiopasulika mstari ni ule ule, ila mkia wake ni mfupi zaidi.

Kinachomsogeza mtu mbele kwenye mstari ni umri mdogo, nguvu za mwili, na jeni iitwayo MGMT. Jeni hiyo ikiwa imezimwa ndani ya uvimbe, seli za saratani zinakosa fundi wa kukarabati madhara ya temozolomaidi, hivyo dawa inafanya kazi vizuri zaidi. Kuhusu nguvu, tunatumia kipimo cha Karnofsky, cha miaka ya 1940, kinachoanzia 0 hadi 100. Ukiacha jina lake kubwa, maswali yake ni ya nyumbani: anavaa nguo mwenyewe? Anakwenda msalani bila kushikwa? Majibu hayo hunieleza mengi ambayo picha ya MRI haisemi.

Mionzi kamili huchukua wiki 6, siku 5 kwa wiki. Kwa mzee au mtu dhaifu tunaweza kuifupisha hadi wiki 3, maana si haki kumtumia wiki 6 za muda wake kwenye foleni. Kuna pia vidonge vya deksamethasoni, ambavyo haviui saratani bali hupunguza maji yaliyojaa kuuzunguka uvimbe. Mtu aliyekuwa hanyanyui mkono anaweza kushika kikombe baada ya siku 2 au 3. Familia hufurahi, nami hufurahi nao, lakini huwaeleza siku hiyo hiyo kwamba ni maji tu yaliyopungua, saratani ipo pale pale. Vikitumiwa muda mrefu hupandisha sukari, hufukuza usingizi na kumaliza misuli ya mapaja, hata mgonjwa akashindwa kuinuka kwenye kiti bila kusukumia mikono. Msivikatishe ghafla bila kuelekezwa.

Jambo moja huwatia watu kiwewe bure: katika miezi 3 ya kwanza baada ya mionzi, picha inaweza kuonyesha uvimbe umekua, kumbe ni tishu zilizochubuliwa na tiba. Mara nyingi hurudia picha baada ya wiki kadhaa kabla ya kubadili chochote.

Nikirudi kwa yule ndugu mlangoni, jibu langu huwa la makadirio: wiki, miezi, au miaka, na kwa nini. Kisha nampa swali ambalo hakuniuliza, nalo kwangu ni zito zaidi. Je, mgonjwa atabaki na maneno yake na maamuzi yake mpaka lini? Katika saratani nyingine watu huagana mwishoni. Katika hii, usemi na busara vinaweza kuondoka miezi kabla ya pumzi, na mtu mpole akawa mkali kwa sababu ya uvimbe ulio sehemu ya mbele ya ubongo. Basi mambo ya mali, ya watoto, ya nani amsemee na ya wapi anataka kuuguzwa, yazungumzwe naye sasa, hata kama picha ya mwisho ilikuwa nzuri. Tiba shufaa, ile ya kupunguza mateso, nayo ianze mapema, sambamba na mionzi.

Wiki za mwisho hutambulika kwa usingizi. Analala saa nyingi zaidi kila siku, anaamka kidogo, anakunywa kidogo, halafu anaanza kupaliwa. Maumivu makali si ya kila mgonjwa. Wengi huondoka wakiwa usingizini. Shida inayowakuta watu hawajajiandaa ni vidonge vya kuzuia kifafa kinacholetwa na uvimbe: mgonjwa hamezi tena, na degedege bado linaweza kuja. Ipo dawa ya kutia ndani ya shavu au puani kwa wakati huo. Muulizeni daktari wenu mapema itakuwa ipi, iwekwe karibu na kitanda, na aonyeshwe zaidi ya mtu mmoja jinsi ya kuitumia.