Kustahiki ruzuku ya sanaa: maana yake, na mahali mashirika yanapokwama

Kustahiki ruzuku ni kuwa na hadhi ya kisheria, rekodi na uwezo ambao mfadhili ametaja kuwa lazima mwombaji awe navyo, hata kabla andiko lake halijasomwa. Kuzingatia masharti huja baada ya mkataba kusainiwa: fedha zifanye kazi iliyoandikwa, ndani ya muda ulioandikwa, na ushahidi wake uwepo. Vikundi vingi vya sanaa hudhani haya ni mambo mawili tofauti, kwamba ukishapita kwenye mchujo, jambo la kwanza limekwisha. Halijaisha. Sifa uliyoombea fedha inatakiwa iwepo siku ya kuomba, siku ya kupokea na siku mkaguzi anapobisha hodi, hata kama ni miaka miwili baadaye.

Tuchukue Tanzania Bara, maana ndiko mifano ilikojaa. Kikundi cha ngoma kinaweza kuwa kimeandikishwa halmashauri kama kikundi cha vijana au wanawake, kikawa na kibali cha BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) cha kufanya kazi za sanaa, kikawa na katiba, mwenyekiti na akaunti ya benki. Vyote hivyo ni halali na vyote vina kazi yake. Usajili wa halmashauri, kwa mfano, hufungua mlango wa mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani. Lakini mfadhili aliyeandika kwamba mwombaji awe “shirika lisilo la kiserikali” anataka hati kutoka kwa Msajili wa NGO, chini ya Sheria Na. 24 ya 2002. Wapo wanaokubali pia chama kilichosajiliwa Wizara ya Mambo ya Ndani au bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Wapo wasiokubali. Tangazo likiwa halisemi wazi, uliza kwa barua pepe na jibu ulitunze, kwa sababu jibu la simu halina mtu wa kulithibitisha baadaye. Zanzibar ina sheria yake na Mrajis wake, kwa hiyo shirika la Unguja lisidhani hati yake inatosha kuendesha mradi Tanga, wala la Tanga lisidhani hivyo kuhusu Pemba.

Jambo linalosahaulika zaidi ni ngazi ya usajili. NGO husajiliwa kufanya kazi katika ngazi ya wilaya, mkoa, taifa au kimataifa. Shirika la ngazi ya wilaya likiandika mradi wa maigizo utakaozunguka mikoa mitatu, limejitangaza lenyewe kwamba litafanya kazi nje ya hati yake. Andiko linaweza kuwa zuri kupita yote, lakini mchambuzi hafiki hata kwenye wazo la kisanii. Hali ni hiyo hiyo kwa malengo yaliyomo kwenye katiba. Kama katiba inazungumzia afya ya uzazi tu, na leo mnaomba fedha za tamasha la ushairi, itisheni mkutano, rekebisheni malengo kwa utaratibu wa kisheria, kisha ndipo muombe.

Hati kuwepo si sawa na hati kuwa hai. Sheria inalitaka shirika kutoa taarifa ya kazi kila mwaka pamoja na hesabu zilizokaguliwa, na kulipa ada. Shirika lililokaa miaka mitatu kimya likisubiri “mradi uje” ndilo hukimbizana na Msajili wiki ya mwisho ya maombi. Kanuni za 2018 ziliongeza sharti jingine lililoshtua wengi: shirika linalopata zaidi ya shilingi milioni 20 litangaze fedha hizo hadharani, na mkataba wa ufadhili uwasilishwe kwa Msajili na Hazina ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Kanuni hubadilika, hivyo soma toleo linalotumika mwaka unaopokea. Nao wafadhili waliongeza maswali. Kuanzia Oktoba 2022 hadi Juni 2025 Tanzania ilikuwa kwenye orodha ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha, ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu. Mtu akiombwa kitambulisho cha kila mjumbe wa bodi, asichukulie kwamba ametuhumiwa.

Kwenye kodi ndiko bajeti za sanaa zinakopasuka. Kusajiliwa kuwa NGO hakukupi msamaha wa kodi moja kwa moja. Hadhi ya shirika la hisani kikodi inaombwa TRA (Mamlaka ya Mapato), na hata ikipatikana haiwafutii wajibu wa kukata kodi ya wengine. Malipo ya huduma kwa msanii mkazi hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5. Mkikubaliana na mwimbaji wa taarabu kwamba atapokea shilingi 500,000 mkononi, bajeti isome takriban 526,300, siyo 500,000. Tofauti ni ndogo kwa mtu mmoja. Kwa kundi la watu 20 tayari imefika zaidi ya nusu milioni ambayo hakuna aliyeipangia. VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ni kubwa zaidi. Kukodi jukwaa na vyombo vya muziki kwa milioni 5 kabla ya VAT kunaongeza 900,000, na wapo wafadhili wanaosema wazi kwamba hawalipi kodi hiyo. Hapo shirika ndilo linalolipa, kama lina chochote.

Gharama ya namna hiyo huitwa gharama isiyokubalika: pesa imetumika kweli, kazi imefanyika kweli, lakini mkataba hauruhusu ilipwe kutoka kwenye ruzuku. Hakuna wizi hapo. Ndiyo maana wasanii hukasirika mkaguzi anapoikataa. Mfano wa kawaida ni vifaa vilivyonunuliwa wiki moja kabla ya tarehe ya kuanza mradi ili “tusichelewe”. Mwingine ni kuhamisha fedha za mafunzo kwenda kwenye mavazi kwa makubaliano ya mdomo. Mikataba mingi huruhusu mabadiliko madogo kati ya vifungu vya bajeti, mara nyingi hadi asilimia 10, na zaidi ya hapo inahitajika ruhusa ya maandishi.

Posho nazo. Orodha ya majina yenye saini zinazofanana mwandiko inaweza kuangusha shirika hata pasipo ubadhirifu wowote. Fundi wa ngoma kijijini hana mashine ya EFD ya kutolea risiti za kodi, na hilo mfadhili mwenye akili analielewa. Asichoelewa ni ukurasa mtupu. Vocha ya malipo yenye jina, namba ya kitambulisho, saini na kazi aliyofanya, ikiambatana na ujumbe wa muamala wa simu na picha ya ngoma yenyewe, huwa na nguvu. Afadhali mkubaliane mapema na mfadhili ni ushahidi gani atapokea kwa manunuzi ya aina hiyo, kuliko kumweleza baada ya mradi kufungwa.

Mgongano wa maslahi unastahili neno la pekee, kwa kuwa sanaa zetu ni za kindugu. Mwanzilishi ndiye mkurugenzi, mkewe ndiye mhasibu, ukumbi ni wa kaka yake. Mfadhili huwa hakatazi ukumbi wa kaka kutumika. Anataka ijulikane, bei zilinganishwe na za kumbi nyingine, na mwenye udugu atoke nje ya kikao wakati wa uamuzi, na muhtasari wa kikao uandike kwamba alitoka. Kuficha ndilo kosa.

Vibali vya onyesho ni gharama na ni muda. Maigizo ya jukwaani yamo ndani ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, kwa hiyo kundi la maigizo lisijifariji kwamba sheria hiyo ni ya watu wa sinema tu. Afisa Utamaduni wa halmashauri ni mtu wa kumwona mapema. Watoto wakishiriki, idhini ya wazazi iwe ya maandishi, hasa picha zao zikienda mtandaoni.

Kiingilio pia. Kutokuwa shirika la faida hakumaanishi kutotoza shilingi. Kunamaanisha ziada haigawanywi kwa wanachama. Lakini fedha za mlangoni kwenye onyesho lililolipiwa na ruzuku zinaweza kuhesabiwa kuwa mapato ya mradi, na zitatakiwa kuonekana kwenye taarifa. Kugawana usiku huohuo, kama ilivyo desturi ya bendi, kunageuza onyesho zuri kuwa hoja ya ukaguzi.

Hoja ikithibitishwa, fedha hurudishwa, na hapa shirika dogo huumia kuliko kubwa. Mara nyingi mfadhili hubaki na awamu ya mwisho mpaka taarifa zikubaliwe, ilhali wasanii walishacheza na mwenye jukwaa anadai. Kwa hiyo mkataba wa shirika na mwenye jukwaa uandike mapema malipo yake ya mwisho yatatoka lini, na kiasi gani kinategemea awamu hiyo.