Kohei Uchimura na thamani ya kutua vizuri

Kwa kuwa kazi yangu ni kuamua mashindano ya jimnastiki, mara kwa mara naulizwa kama Kohei Uchimura wa Japani alistahili dhahabu ya shindano la vifaa vyote sita, ambamo alama za kila kifaa hujumlishwa, katika Olimpiki ya Rio 2016, ilhali alimshinda Oleg Verniaiev wa Ukraine kwa alama 0.099 tu. Naamini aliistahili, na ushahidi umo katika hesabu yenyewe.

Tangu 2006 alama zetu hujumlisha sehemu mbili: ugumu, unaopanda kadiri mchezaji anavyoweka miruko mizito, na utekelezaji, unaoanzia 10 na kukatwa kila kosa linapoonekana. Kuanguka hukatwa alama nzima, hatua ndogo wakati wa kutua hukatwa 0.1, na hata goti lililopinda kidogo halisamehewi.

Uchimura alizaliwa Kitakyushu mwaka 1989 na kukulia Isahaya, mkoani Nagasaki, ambako wazazi wake, wote wawili waliowahi kushindana katika mchezo huu, walikuwa na ukumbi wao wa mazoezi. Alianza akiwa na umri wa miaka 3. Alipofika miaka 15 alihamia Tokyo ili afanye mazoezi na Naoya Tsukahara, aliyekuwa katika timu ya Japani iliyotwaa dhahabu Athens 2004. Beijing 2008 alianguka kwenye farasi wa vishikio, kifaa kinachowaponza wengi, lakini akamaliza na fedha. Baada ya hapo alitwaa ubingwa wa dunia wa vifaa vyote mara sita, kuanzia 2009 hadi 2015, pamoja na dhahabu ya Olimpiki ya London 2012.

Turudi Rio. Baada ya vifaa vitano Verniaiev alikuwa mbele kwa 0.901, pengo ambalo kwa kawaida halizibiki kwa kifaa kimoja. Kilichobaki ni upau wa juu. Uchimura, mgongo ukimuuma, aliuachia upau, akapinduka mara mbili juu yake huku mwili umenyooka na kujizungusha, akaudaka tena. Aliporuka kushuka, miguu yake ilibaki palepale ilipogusa godoro. Akapewa 15.800. Verniaiev alipopanda baada yake, mpangilio wake haukuwa na uzito ule, na alipotua alishindwa kutulia, akapata 14.800. Toa 0.901 katika tofauti hiyo ya alama moja, unabaki na 0.099, yaani pungufu ya adhabu ya hatua moja ndogo. Mwandishi mmoja alipomuuliza Uchimura kama waamuzi walimpendelea, ni Verniaiev mwenyewe aliyelikataa swali hilo, jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko maoni ya sisi tuliokaa mezani.

Mwaka 2017, mjini Montreal, aliumia kifundo cha mguu kwenye meza ya kurukia, na utawala wake ukakatika. Katika michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021 alishindana kwenye upau wa juu peke yake, akaanguka katika hatua ya mchujo. Miezi michache baadaye, katika mashindano ya dunia yaliyofanyika Kitakyushu, alikosa medali lakini alitua bila kutikisika. Alitangaza kustaafu Januari 2022. Wakati huo taji la Olimpiki la vifaa vyote lilikuwa tayari mikononi mwa Mjapani mwingine, Daiki Hashimoto, aliyelitwaa Tokyo akiwa na miaka 19.