Chini ya pauni 450

Ukifungua daftari la mirathi la Uingereza la mwaka wowote wa miaka ya 1860, utakutana na maelfu ya mistari inayofanana. Jina la marehemu, kazi yake, alikoishi, siku na mahali alipofariki, masijala wosia ulikothibitishwa. Kisha maneno haya: kwa kiapo cha fulani, mjane wake, msimamizi pekee wa wosia. Na kiasi: mali chini ya pauni 450.

Mimi ni wakili wa mirathi, niko Dar es Salaam. Madaftari haya nayasoma kwa sababu Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo Waingereza walituletea na bado inatumika Tanzania katika baadhi ya mirathi, ilichota mengi kwenye sheria za wosia za Uingereza ya Malkia Victoria. Wengi wanaoyapekua siku hizi wanatafuta mababu, na wengi wanausoma vibaya mstari wa mjane.

Tuanze na hizo pauni 450. Siyo thamani ya mali, ni ngazi ya ushuru. Serikali ilipanga mirathi kwa ngazi: chini ya 100, chini ya 200, 300, 450, 600 na kuendelea, kila ngazi na stempu yake. Aliyeandikwa chini ya 450 huenda aliacha pauni 301. Madeni hayajaondolewa hapo. Wala ardhi aliyoimiliki moja kwa moja haimo, kwa kuwa hadi mwisho wa 1897 kuthibitisha wosia kulihusu mali inayohamishika pamoja na ardhi ya kupanga kwa mkataba. Mkulima mwenye shamba lake na nyumba yake anaweza kuonekana fukara kuliko mwenye duka aliyepanga.

Lakini maneno yanayonivuta zaidi ni yale ya “msimamizi pekee”. Mume akiwa hai, sheria ya kawaida ya Uingereza ilimhesabu mke na mumewe kuwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mume. Mke hakuweza kuingia mkataba kwa jina lake, na fedha alizokuja nazo zilikuwa za mume, isipokuwa kwa familia zenye uwezo wa kumwekea binti yao mali kwenye amana. Hali hiyo haikubadilika kikamilifu hadi sheria ya 1882 ya mali za wanawake walioolewa ilipoanza kutumika tarehe 1 Januari 1883. Kwa hiyo marehemu aliyeandika “namwachia mke wangu mpenzi samani zote za nyumbani” mara nyingi alikuwa anamrudishia kitanda alichokuja nacho mwenyewe. Sasa mume amekufa, na mwanamke yuleyule anadai wadeni, analipa wanaodai, anauza bidhaa za dukani, anashtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Akilipa vibaya, anafidia kutoka mfukoni mwake.

Kuteuliwa haikuwa haki yake, lakini. Mume alichagua. Mwandishi wa riwaya Charles Dickens, aliyefariki Juni 1870, alimteua rafiki yake John Forster na shemeji yake Georgina Hogarth. Mkewe Catherine, ambaye walikuwa wametengana, aliachiwa mapato ya pauni 8,000 maisha yake yote, na hizo pauni zenyewe zikawekwa mikononi mwa wanawe wawili, Charles na Henry.

Kazi ilikuwaje? Kabla ya tarehe 12 Januari 1858, wosia ulithibitishwa kwenye mahakama za kanisa, na kujua ni mahakama gani kulitegemea mali ilikuwa katika dayosisi ipi. Mwenye mali ya zaidi ya pauni 5 katika dayosisi mbili za kusini alipanda hadi mahakama ya Askofu Mkuu wa Canterbury. Anayetafuta babu wa kabla ya mwaka huo ajiandae kupekua kwingi. Baada ya hapo kuna masijala kuu London, masijala za wilaya, na daftari moja la nchi nzima kila mwaka.

Mjane alisubiri walau siku saba tangu kifo. Kisha akaja, na wakili au bila wakili, akiwa na karatasi yenyewe. Akaapa mbele ya ofisa, akiwa ameshika Agano Jipya, kwamba huu ndio wosia wa kweli na wa mwisho wa mumewe, kwamba atalipa madeni na kumpa kila mtu alichoachiwa, na kwamba atatoa hesabu sheria ikimtaka. Akabusu kitabu. Akatia sahihi, au alama ya msalaba kama hakujua kuandika. Akalipia stempu. Wosia wa asili ukabaki masijala. Yeye akaondoka na nakala iliyoandikwa kwenye ngozi, hati ya mahakama imeambatishwa, na lakiri. Bila hati hiyo benki haikumpa kitu. Na aliyeanza kugawa mali bila kuthibitisha wosia ndani ya miezi sita alijiweka kwenye hatari ya faini ya pauni 100, ambayo ingemeza mirathi ndogo nzima.

Hapo ni pale karatasi ilipokuwa safi. Sheria ya Wosia ya 1837 ilitaka mashahidi wawili, wote wawepo kwa pamoja mtoa wosia anapotia sahihi. Fikiria mume mgonjwa usiku, jirani mmoja tu kapatikana, na mke anaambiwa atie sahihi kama shahidi wa pili. Wosia ni halali. Uteuzi wake kama msimamizi ni halali. Alichoachiwa ndicho batili, kwa sababu zawadi kwa shahidi, au kwa mke au mume wa shahidi, ilifutwa na kifungu cha 15. Kazi yote yake, mali si yake. Kama aliachiwa kila kitu, mali ile iligawiwa kana kwamba hakuna wosia: penye watoto yeye alipata theluthi, nao theluthi mbili.

Kanuni hiyo Kenya wanayo hadi leo, ila imelegezwa: zawadi ya shahidi inaokoka wakiwepo mashahidi wengine wawili wasio na maslahi. Sisi Tanzania, katika kanuni za wosia za kimila zilizotangazwa mwaka 1963, tulikwenda upande mwingine kabisa: mke, au wake waliopo nyumbani, wanatakiwa washuhudie. Nimewaona wanafunzi wa sheria wakichanganya mifumo hii miwili kwenye mtihani, na siwalaumu.

Mtego mwingine ulikuwa ndoa. Kijana aliyemwandikia mchumba wake wosia wa kumwachia kila kitu, kisha wakafunga ndoa mwezi uliofuata, aliufuta wosia ule kwa kufunga ndoa.

Na kama karatasi haionekani? Hapa kuna kesi ninayoipenda. Lord St Leonards, aliyewahi kuwa Lord Chansela, yaani mkuu wa mahakama za Uingereza, na mmoja wa wanasheria wakubwa wa mali katika karne yake, alifariki Januari 1875. Sanduku la wosia lilipofunguliwa, nyongeza za wosia zilipatikana, wosia wenyewe haumo. Dhana ya sheria ni kwamba wosia uliokuwa mikononi mwa marehemu ukikosekana, aliuharibu mwenyewe kwa kukusudia kuufuta. Binti yake Charlotte, aliyeishi naye na kumsaidia kazi zake, alikuwa ameusoma mara nyingi kiasi cha kuweza kueleza yaliyomo kwa kichwa. Alikuwa mwenye maslahi, na ndiye shahidi mkuu wa yaliyomo. Mwaka 1876 Mahakama ya Rufani ilikubali ushahidi wake, na wosia ukathibitishwa kama alivyoukumbuka. Tangu hapo mjane aliyepoteza karatasi alikuwa na kesi ya kutaja, mradi jaji amwamini.