Rotwaila hageuki, na mbwa wa kienyeji si takataka

Nimeletewa tena rotwaila wa miaka mitatu, mzima, manyoya yanang'aa, na mwenye mbwa anataka apigwe sindano ya kulala, yaani auawe kwa dawa, kwa sababu eti hawa wakifika umri huo wanageuka wanaua wenye nyumba. Hajang'ata mtu. Hajakimbiza mtu. Jirani ndo kasema, fundi wa geti kasema, na kuna video mtu katuma kwenye grupu la familia. Nimechoka kulijibu hili jambo mtu mmoja mmoja, kwa hiyo leo naliandika lote hapa, likija tena natuma linki.

Yale mepesi tuyapitie haraka. Ubongo wa dobamani hauendelei kukua mpaka ukabanwa na fuvu akachanganyikiwa, hicho kitu hakipo. Taya la pitbul halina kufuli, nimeshafungua midomo ya hawa mbwa kung'oa meno na kiungo cha taya ni kilekile alichonacho mbwa wa bibi yako kijijini, akishika haachii kwa sababu hataki kuachia, basi. Pilipili na bangi kwenye chakula hazimpi ukali, zinamuumiza tu. Kumkata masikio vilevile, unamwondolea kitu anachotumia kuongea na mbwa wenzake halafu unashangaa haelewani na mbwa wa jirani.

Sasa hili la kugeuka ndo linaniudhi kweli, maana ndani yake kuna kitu watu wanakiona kwa macho yao kabisa, ila wanakielewa vibaya. Mbwa wa aina kubwa hakomai kwa mwaka mmoja. Mwili unawahi, akili ya kuishi na wengine inachelewa, inakuja kutulia kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka mitatu. Kabla ya hapo unaishi na mtoto mwenye kilo arobaini, mgeni akiingia anamrukia kumlamba, mbwa mwingine akimsogelea analala chali. Halafu anakomaa, anaanza kuona hapa ni kwangu, hili bakuli ni langu, na huyu anayeingia simjui. Hakuna kilichogeuka hapo, ni mbwa yuleyule mliyemlea, sasa amekuwa mtu mzima na mnavuna mlichopanda.

Na mmemlea vipi? Kuna kipindi, kama wiki ya 3 mpaka ya 12 au 14 hivi, ambapo papi anajifunza vitu gani duniani ni vya kawaida: watoto wanaopiga kelele, bodaboda, mwanamke aliyevaa baibui, mwanaume mwenye kofia, fagio, mvua kwenye bati. Akikutana navyo kwa amani wakati huo anavizoea, asipokutana navyo anavichukulia kama hatari na baadaye kumbadilisha ni kazi ya miezi. Sasa kwetu rotwaila anaishi kipindi hicho chote kwenye banda nyuma ya nyumba, anayemwona ni kijana mmoja tu anayemletea ugali na dagaa, na kuna amri kabisa asiguswe na mtu, ASIZOEE WATU. Mchana mnyororo, usiku anafunguliwa. Getini kibao kimeandikwa Mbwa Kali. Mkatengeneza mbwa anayeogopa binadamu wote isipokuwa mmoja, halafu siku yule kijana akiacha kazi, mwenye nyumba anaingia bandani na suti yake anashangaa anangurumiwa.

Na kunguruma kwenyewe ni jambo jema jamani! Mbwa haanzi na meno. Anaanza kwa kuganda, mwili unakakamaa, anageuza kichwa pembeni ila macho yanabaki kwako mpaka unaona weupe wa jicho, analamba pua wakati hakuna chakula, mdomo unafunga kwa nguvu, halafu ndo ananguruma. Anakuambia nipe nafasi. Watu wetu wakisikia ngurumo wanachukua fimbo. Mpige kila akinguruma na atajifunza vizuri sana kutonguruma, hofu inabaki palepale ila onyo limeondoka, siku nyingine anatoka kwenye kimya anaingia kwenye mkono wa mtoto, na mnakuja kwangu mnasema dokta huyu kang'ata bila sababu. Sababu ilikuwepo na alishaitangaza mara nyingi mkamnyamazisha.

Kuna na maumivu, hili ndo la kwanza ninalolitafuta. Juzi kuna jemani shepadi aliletwa kwa kosa hilohilo la kubadilika, mpole miaka yote, sasa kamrukia mtoto wa nyumbani. Nikainua sikio la kushoto, harufu ikanifikia kabla sijaweka taa, ndani uchafu wa kahawia umejaa mpaka tundu halionekani, ngozi imevimba nyekundu. Nilipogusa tu chini ya sikio alilia. Mtoto alikuwa na kawaida ya kumshika sikio hilo akicheza naye. Dawa ya masikio, sio sindano ya kulala. Na hawa wakubwa, rotwaila na shepadi wote, nyonga zao zinasumbua sana, mbwa anayeumwa nyonga ukimsukuma ainuke anaweza kukugeukia, na hata wewe ukiumwa mgongo mtu akakuvuta ghafla utamjibu vibaya.

Kwani damu haina maana kabisa? Ina maana, ila sio hiyo mnayoisema. Mwaka 2022 jarida la Science lilitoa utafiti mkubwa wa mbwa wa Marekani, walisoma vinasaba vya mbwa 2,155 na kukusanya majibu ya wenye mbwa zaidi ya 18,000, wakakuta aina ya mbwa inaeleza kama asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa na mbwa. Na katika tabia zote, urahisi wa mbwa kukasirika ndo mojawapo ya zile ambazo aina yake inakuambia kidogo sana. Kusikiliza amri, hapo ndo aina inasaidia zaidi kubashiri. Rotwaila mwenyewe asili yake ni mji wa Rottweil kule Ujerumani, kazi yake ilikuwa kuswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni ya wauza nyama.

Halafu msifikiri hii hofu ni ya huku kwetu tu. Australia walipiga marufuku kuingiza jemani shepadi mwaka 1929, wafugaji wa kondoo walihofia atazaana na mbwa mwitu wa kule wanaoitwa dingo watoke wauaji wa kondoo, na marufuku ikakaa mpaka miaka ya 1970. Leo shepadi huyohuyo kila mtu anamwita mbwa wa polisi na kumwamini. Uingereza walitunga sheria 1991 dhidi ya pitbul na aina nyingine tatu, na kinachoangaliwa pale ni umbo, mtu anapima mbwa kwa macho na futi, wazazi wake walikuwa aina gani haihesabiki, kwa hiyo mbwa anaweza kuzaliwa na wazazi wote wawili halali akaonekana pitbul na sheria ikamkamata. Je, watu waliacha kung'atwa? Waliolazwa hospitali England kwa kung'atwa na mbwa waliendelea kuongezeka kwa miaka mingi baada ya sheria. Uholanzi walitangaza 2008 kuiondoa marufuku yao ya pitbul. Denver kule Marekani waliwapiga marufuku 1989, wananchi wakapiga kura kuilegeza 2020.

Sasa niwe mkweli pia upande wa pili, maana kuna watetezi wa mbwa wanaoongea kama vile hakuna tatizo na hao pia wananichosha. Mbwa wa kilo 50 aking'ata sio sawa na wa kilo 8. Uingereza walipoongeza XL Bully, mbwa mkubwa wa jamii ya pitbul, kwenye orodha mwisho wa 2023 kulikuwa na watu waliokufa kweli, na siwezi kumwambia mama aliyefiwa habari za asilimia. Zipo pia koo ambazo watu wamezichagulia ugomvi kizazi baada ya kizazi, na ukininunulia papi wa ukoo huo ukaniambia nimlee na watoto, mimi nitakataa. Na kuna hili ambalo chuoni halisemwi sana: tukiambiwa tufanye tathmini ya tabia ya mbwa aliyeng'ata, mbwa mezani kwangu ana hofu, anatetemeka, harufu ya dawa kila mahali, ninachokiona pale sio anachokifanya nyumbani saa mbili usiku. Nimeshatoa uamuzi wa mbwa kupumzishwa ambao mpaka leo sina uhakika nao, na kuna waliorudi nyumbani ambao nilikaa na wasiwasi miezi.

Ila mwenye kuonewa zaidi kuliko hao wote hata haletwi kwangu. Huyu wa kienyeji, mbwa koko, rangi ya udongo, mkia umejikunja. Rotwaila anaogopwa, huyu anapigwa mawe. Watu wanaamini ni mabaki, eti mbwa wa kizungu walizaana hovyo hovyo mtaani wakaharibika wakatoka hawa. Si kweli. Utafiti wa 2009 uliopima vinasaba vya mbwa wa vijijini Misri, Uganda na Namibia ulionyesha wale wa Uganda kwa sehemu kubwa ni wa asili ya Afrika, hawajatokana na mbwa wa Ulaya. Na basenji, ambaye watu wanamlipia hela nyingi Ulaya na Marekani, ni mbwa wa aina hiyohiyo aliyetolewa Kongo, alionyeshwa kwenye mashindano ya Crufts London mwaka 1937. Ndugu yake hapa mtaani anakula jalalani.

Dharau hiyo inaua watu, hapa siongezi chumvi. Kichaa cha mbwa kinaua watu kama 59,000 kwa mwaka duniani, karibu wote, kama asilimia 99, wamekipata kwa mbwa. Kinazuilika ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo. Sasa mtu ana jemani shepadi ndani ya ukuta, hatoki, kachanjwa kila mwaka na kitabu chake kipo, na nje ya geti anamlisha makombo mbwa wa kienyeji anayezunguka mtaa mzima na kucheza na watoto, nikimuuliza na huyu je, ananijibu "aah dokta, huyo si wa kienyeji tu." Huyo ndo alitakiwa kuwa wa kwanza! Kuwapiga risasi mbwa wa mtaani hakusaidii, unaua na waliochanjwa humohumo, nafasi zao zinachukuliwa na wengine ambao hawajachanjwa. Pemba walichanja mbwa wao, hawahawa wa kienyeji, ugonjwa ukaisha, ukaingizwa tena 2016, wakachanja tena ukaisha.

Na mbwa akikung'ata, awe rotwaila awe koko, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili, nenda hospitali siku hiyohiyo ukaanze chanjo, usisubiri kuona dalili, dalili zikianza hakuna tiba. Mbwa msimuue papo hapo kwa hasira. Kama anashikika mfungieni sehemu salama, apewe maji na chakula, mniite, aangaliwe siku 10. Akiwa bado mzima siku ya kumi basi hakukuambukiza siku ile aliyokung'ata, na daktari wako anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Mkishamuua na kumtupa, hakuna wa kumwangalia.