Bunduki ya upepo sio toi

Kuna jamaa hapa Mafinga kakomaa kwamba ukitaka kujifunza shabaha lazima uwe na bunduki kubwa, ya upepo eti ya watoto kuulia njiwa. Sio kweli bana. Olimpiki wanashindania bunduki ya upepo ya mita 10 toka 1984, kirisasi cha milimita 4.5, na kumi yenyewe, yaani alama ya katikati ya shabaha yenye pointi nyingi, ni kidoti cha nusu milimita, kama umegusa karatasi na ncha ya kalamu! Risasi za bunduki kubwa zikiadimika unapiga tano kwa mwezi, bega linauma, unaanza kufumba macho kabla hujafyatua, sasa hapo unajifunza nini? Virisasi vya upepo vinakuja kopo zima, mia kadhaa, unapiga kila jioni. Ila kibali ulizia polisi kwanza, na huku kwetu upepo ukivuma kirisasi kinayumba kweli.