Wafarini, sukuma wiki na mfamasia: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Mfamasia kazi yake kuuza dawa. Mimi nataka daktari."

Katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, Eldoret, wanaotumia wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande ovyo, huhudumiwa kwenye kliniki inayoendeshwa na wafamasia wakishirikiana na madaktari. Ripoti iliyochapishwa mwaka 2011 ilionyesha kuwa INR ya wagonjwa wao ilikaa mahali pake karibu asilimia 65 ya muda, kiwango ambacho hata kliniki za nchi tajiri zisingekionea haya.

INR ndiyo namba inayopima damu inachukua muda gani kuganda. Asiyetumia dawa huwa na 1 hivi. Wengi wanaotumia wafarini hutakiwa wawe kati ya 2 na 3, na mwenye vali ya chuma moyoni mara nyingi juu kidogo. Ikishuka, kiharusi kinanyemelea. Ikipanda, damu inavuja.

Kuipima, tone moja la damu ya kidoleni latosha, ila kazi yenyewe ni maswali. "Mama, tangu tuonane umemeza dawa nyingine yoyote?" Hapana. "Hata ya jino?" Aa, ya jino nilipewa Flagyl. Basi INR ya 5 imeshajieleza. Septrin nayo huipandisha, rifampicin ya kifua kikuu huishusha, na diclofenac ya mgongo huongeza hatari ya kutokwa damu tumboni hata namba ikiwa nzuri.

"Ukianza wafarini, sukuma wiki basi."

Hili ndilo linalowatesa watu bure. Mboga za majani zina vitamini K, na wafarini hufanya kazi kwa kulizuia ini kuitumia tena vitamini hiyo kutengeneza vigandishi vya damu. Lakini dozi hupangwa juu ya ulaji wako. Kinachovuruga ni mabadiliko: aliyezoea sukuma kila jioni akaenda kwa mwanawe mjini, akalishwa chipsi wiki tatu, atarudi na INR iliyopanda. Kula mboga zako, ila kwa kipimo kile kile ulichozoea.

"Nilisahau jana, leo nameza mbili."

Usifanye hivyo. Athari ya kidonge huonekana kwenye kipimo baada ya siku mbili tatu. Mwambie mfamasia siku uliyoruka.

"Ni sumu ya panya."

Kweli, ilianza kuuzwa hivyo mwaka 1948, ikaidhinishwa kwa binadamu 1954. Panya hana wa kumpima INR.

Mwanamke anayefikiria kubeba mimba aseme mapema, kwani wafarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

"Kuna dawa mpya zisizohitaji kupimwa, kliniki za nini?"

Zipo, na kwa wengi ni nzuri. Mwenye vali ya chuma hapewi. Na kwa wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio kutokana na homa ya baridi yabisi, utafiti wa INVICTUS wa mwaka 2022 ulikuta vifo vichache zaidi kwa waliotumia dawa za kundi la wafarini kuliko waliopewa rivaroksabani, mojawapo ya hizo dawa mpya.